Mjumbe wa nyumba kumi ndani ya seli

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika Mlima, kibanda cha chai kilicho jirani na kwangu hapa Pasua, Moshi, huwa kimeshajaa. Waendesha bodaboda, mafundi wanaosubiri simu ya kazi, mzee mmoja mstaafu na redio yake. Chai ya maziwa inachemka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, inamiminwa kwenye chupa, na ikitoka kwenye chupa inaingia kikombeni ikifuka mvuke. Wiki iliyopita nilikwenda na kipimajoto cha jikoni. Niliomba ruhusa, nikakichovya kwenye kikombe cha kijana aliyekuwa ameshapiga funda la kwanza. Nyuzi 72.

"Mwalimu," mama wa chai akaniambia bila kugeuka, "chai ya vuguvugu ni ya mgonjwa."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilirudi kesho yake na kipimajoto kilekile.

Kupima kikombe kimoja kibandani si utafiti, lakini utafiti upo. Mwaka 2015 zilichapishwa takwimu za watu 188 wa mkoa huu wa Kilimanjaro waliopimiwa joto la chai yao pale walipoanza kuinywa. Wastani ulikuwa nyuzi 70.6. Mwaka uliofuata, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni; saratani hiyo mtaani tunaiita tu kansa ya koo. Maradhi haya yana ukanda wake Afrika, unaoshuka kutoka Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, ukaenda Malawi hadi Afrika Kusini. Kilimanjaro imo ndani ya ukanda huo.

Safu ya leo, hata hivyo, haihusu chai. Inahusu jeni inayobeba mzigo wa chai hiyo, na wa jua, na wa pombe, na wa mahindi yaliyoota ukungu. Jeni hiyo ni TP53, na protini inayotokana nayo ni p53. Una nakala mbili za jeni hiyo katika kila seli yako yenye kiini, moja ya mama na moja ya baba, kwenye kromosomu ya 17. Hakuna jeni inayokutwa imeharibika mara nyingi zaidi yake katika saratani za binadamu. Karibu nusu ya saratani zote zina p53 mbovu. Ndiyo maana baadhi ya magazeti huiita jeni ya saratani. Jina hilo linanikera, ni sawa na kuwaita zimamoto watu wa moto kwa sababu kila nyumba ikiungua wanakutwa pale.

Lakini waandishi wa habari wasilaumiwe peke yao, kwani wanasayansi wenyewe walifanya kosa hilohilo kwa miaka kumi. p53 iligunduliwa mwaka 1979 na makundi kadhaa kwa wakati mmoja, la David Lane na Lionel Crawford jijini London, la Arnold Levine kule Princeton, la Lloyd Old jijini New York. Waliikuta imeng'ang'aniana na protini ya kirusi kinachosababisha uvimbe kwa wanyama wa maabara, na imejaa tele kwenye seli za saratani. Mtu ukimkuta na mwizi, usiku, eneo la tukio, utasema nini? Ikaorodheshwa miongoni mwa jeni zinazochochea saratani. Ni mwaka 1989 ndipo maabara ya Bert Vogelstein kule Baltimore, na ya Levine pia, zilipoonyesha kwamba mambo yalikuwa kinyume chake. Nakala za jeni zilizokuwa zikizungushwa kutoka maabara hadi maabara zilikuwa zimeshaharibika. Ile nzima ilikuwa inazuia uvimbe. Hata namba 53 ina kosa ndani yake: mashine za wakati ule ziliipima protini hiyo uzito wa kilodaltoni 53, wakati uzito wake halisi ni kama 44, ila umbo lake huifanya itembee polepole kwenye kipimo. Imehukumiwa kimakosa na kupimwa kimakosa, na jina likabaki.

Mwaka 1992 Lane aliipa sifa ambayo imedumu hadi leo, akaiita mlinzi wa DNA. Sifa nzuri, na mimi mwenyewe nimeifundisha kwa miaka. Siku hizi nimeiacha. Mlinzi kazi yake ni moja, anakaa getini na tochi. p53 inafanana zaidi na mtu tunayemjua vizuri Tanzania, mjumbe wa nyumba kumi.

Mfikirie mjumbe wako. Mume na mke wakigombana usiku, anagongewa mlango. Unataka barua ya utambulisho, unaanzia kwake. Kiwanja kikiuzwa, anaitwa kuwa shahidi. Polisi wakija kupekua, hawaingii bila yeye. Hana bunduki, hana mshahara, ana muhuri tu. Nguvu yake yote ni kuwaita wengine: wazee, polisi, fundi wa bomba. Siku nyumba zote kumi zikiwa shwari, hutamjua hata kwa sura.

p53 nayo ina muhuri. Inashika DNA mahali maalumu na kuamuru jeni nyingine ziamke, mamia yake. Seli ikiwa shwari, protini hiyo inatengenezwa na kuvunjwa papo hapo. Nusu ya iliyopo hutoweka ndani ya dakika kama 20, ikivunjwa kwa amri ya protini nyingine iitwayo MDM2. Ajabu ni kwamba MDM2 yenyewe huamshwa na p53. Mjumbe anamlipa anayemfukuza kazi. Utaratibu huo ndio unaofanya p53 isikae madarakani siku nzima ikisumbua seli isiyo na shida. DNA ikikatika, oksijeni ikipungua au seli ikilazimishwa kugawanyika kupita kiasi, MDM2 inazuiwa, p53 inajaa ndani ya kiini, na muhuri unaanza kugongwa.

Kinachofuata kinategemea nani ameitwa. Ikiita p21, jeni ambayo uhusiano wake na p53 ulijulikana mwaka 1993, seli inasimama isigawanyike mpaka DNA itengenezwe. Ikiita jeni za ukarabati, mafundi wanaingia kazini. Ikiita BAX na PUMA, seli inajiua kwa utaratibu, inajikunja na kuliwa na jirani zake bila fujo. Inaweza pia kuipeleka seli kwenye uzee wa kudumu, ikabaki hai lakini haizai tena. Inaingilia hata matumizi ya sukari ndani ya seli, na ina mkono kwenye aina ya kifo kinachosababishwa na madini ya chuma. Mwaka 2007 maabara ya Levine iligundua kwamba panya majike wasio na p53 hupata shida ya kushika mimba, kwa sababu p53 ndiyo inayoamsha protini iitwayo LIF, na bila LIF ya kutosha kiinitete hakijishiki kwenye ukuta wa tumbo la uzazi. Niambie ni mlinzi gani wa getini unayemjua mwenye kazi hiyo.

Wanafunzi huniuliza kila mwaka p53 inajuaje lini isimamishe na lini iue. Jibu linategemea mambo mengi, lakini mawili ndiyo makubwa, uzito wa jeraha na aina ya tishu. Mpige panya mionzi kipimo kimoja: seli changa za kinga katika tezi ya thaimasi zinakufa, za tishu unganishi zinasimama tu na kungoja. Jeni ni ileile, jeraha ni lilelile, nyumba tofauti. Hapa ndipo ninapotaka msomaji ashike jambo moja. Swali la kawaida, hata kwa madaktari wetu, ni kama p53 ya mgonjwa ni nzima au mbovu. Swali hilo linatufikisha nusu ya njia. Inabidi tuulize iko kwenye tishu gani na ni kazi ipi iliyokwama, na Moshi ni mahali pazuri pa kulijibu kwa sababu hapahapa magonjwa kadhaa yanayopitia jeni hii yanakutana.

Tuanze na umio, kwa kuwa chai yetu bado inafuka. Mwaka 2018 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo ya kusoma DNA ya umio wa watu tisa, wa umri kuanzia miaka ya ishirini hadi sabini, ambao umio wao ulionekana mzima kabisa. Walichokikuta kilitushtua wengi wetu. Kufikia umri wa kati, eneo kubwa la umio linakuwa limeshatwaliwa na koo za seli zenye mabadiliko ya jeni, kama shamba la urithi linavyomegwa na ndugu mmoja mmoja. Nyingi zilikuwa na jeni ya NOTCH1 iliyoharibika, nyingine chache TP53. Sasa ukienda kwenye saratani yenyewe ya umio, hesabu inageuka. NOTCH1 iliyoharibika ni chache, na TP53 iliyoharibika iko karibu kwenye kila uvimbe. Maana yake seli zenye NOTCH1 mbovu ni watani wapenda makuu: wanatanua mipaka, lakini mara nyingi hawaleti maafa. Zenye p53 mbovu ni chache, na ndizo zinazotufikisha wodini.

Kwa nini nakala moja ikiharibika nyingine isishike kazi? Inashika, ila kwa shida. p53 hufanya kazi zikiwa nne nne zilizoungana, kama kitanda juu ya miguu yake. Seli yenye nakala moja nzima na moja mbovu inatengeneza miguu ya aina zote mbili na kuichanganya ovyo. Piga hesabu: kitanda chenye miguu yote minne mizima kitapatikana mara moja katika kumi na sita. Vingine vyote vina mguu mmoja au zaidi uliooza. Ndiyo maana kwenye jeni hii kosa la herufi moja linaweza kuwa baya kuliko kuipoteza nakala nzima.

Na chai inaingiaje? Hapa lazima niwe mwangalifu, maana nimesikia watu wakisema chai ya moto inachoma DNA. Ushahidi hauendi huko. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi wa jenomu nzima za saratani ya umio 552 kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwamo. Kila kinachoharibu DNA moja kwa moja huacha alama zake. Moshi wa sigara una zake, jua lina zake, ukungu wa mahindi una zake. Watafiti walitafuta alama ambayo ingeeleza kwa nini ugonjwa ni mwingi Afrika Mashariki na mchache Uingereza. Hawakuiona. Vinasaba vya uvimbe wa mahali penye ugonjwa mwingi na vya mahali penye ugonjwa mchache vilifanana kwa sehemu kubwa.

Wengine waliyasoma matokeo hayo kama hati ya kumwachia huru mama wa chai. Mimi nayasoma tofauti. Funda la nyuzi 70, mara nne au tano kwa siku, miaka arobaini, linababua ngozi laini ya umio. Ngozi iliyobabuka inajiponya kwa kugawanyika. Kila mgawanyiko ni nafasi kwa ukoo wa seli zenye p53 mbovu kutanua shamba lake, kwa kuwa seli nzima zinaposimamishwa na mjumbe wao, zile zisizo na mjumbe zinaendelea kuzaana. Chai haiandiki jina lake kwenye DNA. Inafungua uwanja tu, na uwanja huwa wa wasiofuata sheria. Ndivyo ninavyofikiri, na wapo wenzangu wanaoutilia uzito zaidi moshi wa kuni, upungufu wa mboga na matunda, au meno mabovu.

Pombe ni habari nyingine. Mbege hainywewi ya moto, lakini pombe yoyote ikifika mwilini hugeuzwa kuwa asetaldehidi, na hiyo inaigusa DNA yenyewe. Najua kunena neno baya juu ya mbege hapa mkoani ni kutafuta kesi kwa wazee. Basi niseme tu kwamba p53 haiulizi kama ndizi na ulezi vilitoka kihamba cha nani.

Sasa twende kwenye ngozi. Kutoka Pasua kwenda KCMC unavuka mji mzima, kutoka bondeni kusini hadi mabegani mwa Mlima. Kwenye eneo la hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1971, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992, na hapohapo hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Makadirio yanayotumika mara nyingi kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400 hivi, idadi kubwa ukilinganisha na sehemu nyingi za dunia. Wengi wao wamerithi upungufu uleule kwenye jeni ya OCA2, kipande cha DNA chenye urefu wa herufi kama 2,700 kilichodondoka zamani sana kwa mababu wa Kiafrika.

Kwenye ngozi, p53 ina kazi ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia. Mwaka 2007 kundi la David Fisher kule Boston lilionyesha kwamba jua linapoipiga seli ya juu ya ngozi, p53 inajaa na kuamsha jeni ya POMC. Protini ya POMC inakatwa vipande, na kipande kimoja kinakwenda kwa seli jirani inayotengeneza rangi, kikisema: leta mwavuli. Rangi inatengenezwa, ngozi inakuwa nyeusi zaidi. Yaani ngozi yako inapoiva baada ya siku tatu za kulima juani huko mpungani, kusini mwa mji, ni barua ya mjumbe iliyopokelewa na kujibiwa.

Kwa mtu mwenye ualbino wa OCA2 mjumbe yupo, ni mzima na anaandika barua zake. Jua linapiga, p53 inajaa, POMC inaamka, ujumbe unafika. Kiwanda cha rangi ndicho kisichoweza kutoa mzigo. Mwavuli hauji. Kesho yake jua linapiga tena. Kwa muda p53 inabaki na kazi yake nyingine, ya kuua seli zilizoungua vibaya. Ngozi inayobambuka baada ya kuungua na jua ni maiti za seli zilizojiua ili zisigeuke saratani, jambo lililoonyeshwa kwa panya mwaka 1994. Lakini jua hilohilo linaendelea kuandika makosa kwenye DNA, na siku linapoandika kosa ndani ya TP53 yenyewe, seli ile haisimami wala haijiui tena. Alama ya jua kwenye jeni hii ilitambuliwa mwaka 1991, herufi C mbili zilizokaa pamoja zikageuzwa kuwa T mbili. Hakuna kitu kingine cha kawaida kinachoandika hivyo. Kwa hiyo kwa umio tunabishana kuhusu mkosaji. Kwa ngozi tuna saini yake. Kofia pana, mikono mirefu na chupa ya Kilisun vinamkinga mjumbe aliye hai bado, na vinafanya kazi kabla ya kosa, si baada.

Kwenye mlango wa kizazi kisa ni cha namna nyingine kabisa. Ukiisoma TP53 kwenye saratani nyingi za mlango wa kizazi, utaikuta haina kosa hata moja. Daktari anayeuliza tu kama ni nzima au mbovu atajibiwa nzima, naye atapotea. Jeni ni nzima, protini inatengenezwa, lakini haifiki kazini. Kirusi cha HPV, hasa aina ya 16 na 18, kinaleta protini yake iitwayo E6, inayoikamata p53 na kuipeleka kwenye mashine ya seli ya kusaga takataka. Jambo hilo limejulikana tangu 1990. Mjumbe hakuharibika, ametekwa. Na kwa kuwa ni utekaji, mtekaji anaweza kuzuiwa mlangoni. Mkoa huu wa Kilimanjaro ndio uliochaguliwa mwaka 2014 kujaribia chanjo ya HPV kwa wasichana kabla ya nchi nzima kuanza Aprili 2018. Mwaka 2024 serikali ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na sehemu ya ushahidi kwamba dozi moja inatosha kuleta kinga ilitoka hapahapa nchini, kwa utafiti uliofanyika Mwanza ukiwa na wasichana 930. Mzazi anayemficha binti yake siku ya chanjo shuleni kwa sababu ya maneno ya WhatsApp anamwacha mjumbe bila mlango.

Kuhusu ini nitapita haraka. Mahindi na karanga vikihifadhiwa vibichi huota ukungu unaotoa sumukuvu ya aflatoksini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 mikoa ya kati ya nchi yetu, kwa ini kushindwa ghafla. Ila kwa dozi ndogo ndogo za miaka mingi, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B, inaandika kosa la herufi moja mahali palepale pa TP53, kwenye neno la 249, G ikawa T. Usahihi wa kutisha. Kausha mahindi yako.

Msomaji mwerevu atauliza: kama p53 ni muhimu hivi, kwa nini tusiwe nazo nyingi? Kuna jirani yetu anazo. Vuka upande wa magharibi wa Mlima, ushuke hadi ushoroba wa Kitendeni, ambako tembo hupita kati ya Amboseli na msitu wa Kilimanjaro. Mwili wa tembo una seli nyingi mno kuliko wetu, na anaishi miaka sitini au zaidi. Kwa hesabu ya kawaida angepaswa kujaa saratani. Haugui kwa kiwango hicho. Mwaka 2015 kundi la Joshua Schiffman kule Utah lilitoa jibu mojawapo: tembo wa Afrika ana nakala kama 20 za TP53 pale sisi tulipo na jozi moja. Seli zake zikijeruhiwa hazisubiri sana, zinajiua mapema.

Nimeshuhudia mtu stendi ya mabasi ya Moshi akiuza unga wa kijani kwenye chupa ya maji, akisema "unaamsha jeni za kuua kansa". Asante, lakini sitaki. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walipata panya ambao p53 yao ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Saratani ilipungua sana, kama ilivyotarajiwa. Lakini panya hao walizeeka mapema: mifupa ikawa dhaifu, migongo ikapinda, vidonda vikachelewa kupona. Mjumbe anayesimamisha kila mtu na kuua kwa kila kosa anaimaliza mitaa yenyewe. Tembo amepewa nakala 20 pamoja na namna ya kuzitawala, kwa mamilioni ya miaka. Sisi hatuwezi kuinunua stendi.

Wala usikimbilie kulipia kipimo cha jeni. Familia zinazorithi TP53 mbovu zipo duniani, na kwao saratani huanza mapema, hata utotoni, za aina tofauti kwa ndugu tofauti. Hao wanahitaji ushauri wa wataalamu. Kwa wengi wetu jeni tuliyozaliwa nayo ni nzima, na kinachoamua ni kazi tunayoipa kila siku.

Nilirudi kibandani, kama nilivyosema. Safari hii niliomba vikombe viwili, strungi na chai ya maziwa, nikavipanga kwenye benchi vyote vikiwa nyuzi 75. Wateja wakaanza kubashiri kama mpira. Baada ya dakika saba strungi ilikuwa 59, ya maziwa bado 67. Ule utafiti wa Kilimanjaro ulikuta vivyo hivyo, chai ya maziwa inapoa polepole, mara mbili ya muda wa chai ya rangi, na wanywaji wake huinywa ikiwa na joto zaidi. Mzee mstaafu akazima redio. "Kwa hiyo mwalimu unataka tuinywe saa ngapi, saa nne?" Nikamwambia, "Hapana mzee wangu, amkia watu kwanza ndipo unywe." Mama wa chai hakusema kitu, lakini asubuhi ya leo niliona ameanza kumimina vikombe kabla wateja hawajakaa.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye wazee nyumbani. Saratani ya umio haianzi kwa maumivu makali. Inaanza kwa mtu kuchagua chakula: nyama ya kuchoma haitaki tena, ugali anausukuma kwa maji, machalari yanamkwama, na baada ya miezi miwili anaomba mtori mwembamba au uji tu, huku suruali inamvuka. Familia inasema ni uzee, au meno, au vidonda vya tumbo. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakati hata maji hayapiti, na hapo kinachobaki mara nyingi ni kuwekewa bomba la waya ili chakula kishuke. Ukimwona mtu wako hivyo, usisubiri mwezi uishe. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, hapa kwetu Pasua kipo, na uombe rufaa ya kuangaliwa umio kwa kamera. Kipimo chenyewe hakizidi nusu saa.